Risasi Tano Kiunoni

Jumamosi iliyopita nilikwenda Bagamoyo mjini kununua samaki, na kabla sijafika mnadani nilikuwa nimeshika bastola kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Mimi ni wa kizazi kilichorukwa na JKT: mafunzo yale ya lazima yalisimamishwa mwaka 1994 tukiwa bado tunavaa kaptula za shule, na yaliporejeshwa mwaka 2013 nilikuwa tayari nasahihisha mitihani ya watu wengine. Kwa hiyo mnisamehe, ndugu wasomaji, ikiwa maelezo yangu ya silaha ni ya mtu mgeni.

Mwenye silaha ni rafiki yangu wa tangu sekondari, leo mtumishi mwandamizi wa umma. Tunaishi njia moja huko Kerege, yeye karibu na barabara kuu, mimi ndani zaidi. Tuliegesha gari chini ya mwarobaini, hatua chache kutoka soko la samaki. "Dokta, ngoja nikuonyeshe kitu," akasema, akafunua shati. Akafungua silinda, akamwaga risasi tano kiganjani, kisha akanikabidhi kwa bashasha ileile ambayo mtu humpa mwenzake simu mpya aitazame. Kwamba ilitupasa sote wawili kuona aibu, hilo lilinijia baadaye.

Ni rivolva ndogo, mtutu wake kama sentimita tano. Nilitarajia uzito, nikakuta wepesi. Wamarekani wana historia ndefu ya vitu vya namna hii: Smith & Wesson walitoa rivolva yao ndogo ya risasi tano mwaka 1950, na mwaka 2009 Ruger wakaleta LCR, ambayo sehemu ya umbo lake ni plastiki ngumu na uzito wake bila risasi haufiki nusu kilo. Hii ya rafiki yangu ni ya ukoo huohuo. Nyundo yake imefichwa ndani ili isinase nguoni. Haina kitufe cha usalama. Kinachozuia risasi isitoke kwa bahati mbaya ni ugumu wa kuvuta kifyatulio, basi. Mpini umekatwa mfupi kiasi kwamba kidole changu cha mwisho kilibaki hewani. Kila kitu kimepunguzwa kwa lengo moja, kwamba isionekane. Gobori la mlinzi wa shamba huonekana toka mbali, na kuonekana huko ni nusu ya kazi yake. Hii imeundwa ili mwenye nayo akae karibu yako harusini, kwenye foleni ya benki, kanisani au msikitini, nawe usijue.

Nikiri jambo: niliipenda. Ilikaa mkononi kama kitu kilichokuwa kikinisubiri. Miaka miwili iliyopita, usiku, kwenye njia yetu ya vumbi, vijana watatu walinisimamisha, mmoja ana panga. Walichukua simu, kompyuta yenye sura mbili za kitabu ambazo sijaweza kuziandika upya, na pete ya ndoa. Nilipokwenda kutoa taarifa niliambiwa nirudi kesho, kwa kuwa hapakuwa na karatasi ya kuandikia maelezo. Usiku ule ulinikaa mwilini kwa miezi. Kwa hiyo rafiki yangu aliponiambia, "Siku ile ungekuwa nayo hii, Dokta," alijua anagusa wapi.

Nimeitafakari hoja yake kwa wiki nzima, na haisimami. Siku ile panga lilikuwa shingoni kabla sijawaona wenye panga. Ningekuwa nayo, wangeondoka na simu, kompyuta, pete na rivolva. Yeye mwenyewe alikiri kwamba tangu ainunue amepiga shabaha mara moja tu, risasi kumi, nyingi zikapotea, kwa sababu silaha nyepesi hurusha mkono na mtutu mfupi hauna msaada kwa jicho. Tarehe 25 Agosti 2021, karibu na Ubalozi wa Ufaransa jijini Dar es Salaam, mtu mmoja aliyekuja na bastola aliwaua askari polisi watatu na mlinzi wa kampuni binafsi, mchana kweupe, akachukua na bunduki za askari. Wale walikuwa watu waliofunzwa, wako kazini, wana silaha kubwa kuliko yake. Mhasibu anayetoka ofisini saa kumi na mbili jioni, mawazo yake yako kwenye foleni ya Tegeta, atawahi nini?

Tena jambazi huja mara moja katika miaka mingi, akija. Wivu, pombe na madeni vinalala nyumbani. Mei 2022 jijini Mwanza mume alimpiga mkewe risasi kwa bastola akamuua, kisha akajiua mwenyewe. Rafiki yangu alinihakikishia kwamba hata mkewe hajui anakoificha. Nikamwambia, ndugu yangu, mwanao wa miaka tisa anajua unakoficha peremende.

Angekuwa raia wa kawaida, ningeishia hapo. Lakini huyu ni mtumishi wa umma. Husaini mafungu. Hukaa katika vikao ambamo bajeti ya wilaya hukatwa na kuunganishwa. Mwananchi akikata tamaa na polisi, tunaandika kwamba amepoteza imani na serikali. Serikali yenyewe ikikata tamaa na polisi, ikaenda dukani kununua rivolva, tuandike nini? Max Weber aliwaambia wanafunzi wa Munich mwaka 1919 kwamba dola ni ile inayofanikiwa kudai matumizi halali ya nguvu kuwa yake peke yake. Kila mwaka huliweka fungu hilo kwenye mtihani. Sikutegemea kuona jibu lake limefichwa chini ya shati la mtu wa dola.

Na mahali tulipoegesha pana kumbukumbu ya jambo hili. Bunduki zilipita Bagamoyo kwenda bara pamoja na misafara, na pembe za ndovu zikashuka. Mwaka 1888 na 1889 watu wa pwani walisimama dhidi ya Wajerumani. Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889, na Bwana Heri wa Saadani akaendelea kupigana hadi mwaka uliofuata. Julai 1890 mataifa ya Ulaya yakatia saini Mkataba wa Brussels. Tunaukumbuka kwa habari ya biashara ya utumwa, lakini ndani yake uliziba pia uingizaji wa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, huku ukiacha mlango kwa wale ambao serikali za kikoloni zingewaona wanaaminika. Tangu hapo swali la silaha katika nchi hii limekuwa swali la nani anaaminika na nani anaogopwa. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, haimpi mtu haki ya silaha, humpa ruhusa. Sipingi hilo hata kidogo. Nauliza tu ni nani ambaye barua zake hupita mezani bila kukwama.

Nani anaogopwa, basi? "Vijana wa hapa," rafiki yangu alisema. Tangu makubaliano ya bandari ya Bagamoyo yatiwe saini mwaka 2013, ardhi ya Zinga, Kerege na Mapinga ilipanda bei kabla hata ya jiwe moja kuwekwa baharini, na mradi uliposimama mwaka 2019 sisi tulikuwa tumeshanunua. Mzee aliyeniuzia mimi kiwanja aliwahi kuuza ekari tatu kwa fedha isiyotosha pikipiki. Wajukuu zake ndio hao vijana wa hapa. Wanachimba mchanga, wanabeba matofali, wanajenga kuta zetu kisha wanabaki nje yake. Mimi pia nina ukuta, sijitoi. Lakini nilimuuliza rafiki yangu majina ya majirani watatu wasio na ukuta, akacheka, kisha akanyamaza. Hakuwa na hata moja. Mtu unayemwogopa kiasi cha kumwandalia risasi tano, na jina lake hulijui!

Wapo watakaoniambia kwamba bastola ya mwenye leseni haimtishi mtu mwema. Wakumbuke tarehe 23 Machi 2017, pale Nape Nnauye, aliyekuwa ameondolewa uwaziri siku ileile, alipotolewa bastola na mtu aliyevaa kiraia mbele ya waandishi wa habari. Picha zile zilizunguka nchi nzima. Hapakuwa na sare, hapakuwa na namba ya askari. Silaha ndogo inayotoka chini ya shati haikuambii imetumwa na nani. Tukizoea kwamba waungwana hutembea nazo, siku atakapotoka asiye muungwana tutamtambua kwa lipi?

Sisemi tukae tukisubiri panga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wafugaji wa Unyamwezi na Usukuma, walipochoka na wezi wa ng'ombe, waliunda sungusungu. Sitaki tuwatukuze, maana waliumiza na kuua wasio na hatia, wakiwemo vikongwe walioitwa wachawi. Hata hivyo walilifanya tatizo kuwa la kijiji, na kijiji kikaweza kuwahoji. Rivolva iliyofichwa hahojiwi na mtu. Bei ya ile ya rafiki yangu, aliyonitajia kwa kunong'ona ingawa tulikuwa peke yetu garini, ingeweka taa za sola kwenye njia yetu yote, pamoja na ream kadhaa za karatasi za kuandikia maelezo.

Nilimrudishia, akazipanga risasi moja moja, tukashuka kununua changu. Mnadani alisimama pembeni, mkono wake ukirudi kiunoni kila mtu alipompita karibu, na kule mnadani watu hupitana kwa kusukumana. Mama muuza samaki akamwambia, "Baba, sogea, unazuia njia."

Jumapili ijayo saa nne asubuhi pana mkutano wa kitongoji chetu. Ajenda ni ulinzi shirikishi na taa za njiani. Kila kaya inaombwa shilingi elfu tano kwa mwezi na mtu mmoja wa zamu. Nimemtumia rafiki yangu ujumbe. Amejibu kwamba atakuwa safarini Dodoma, ila mchango atatuma. Nimezungumza na mwenyekiti, naye amekubali kuusogeza mkutano hadi Jumapili atakayokuwa amerudi.