Hama Wewe

Nilikwenda Jambiani kupumzika. Ndivyo tunavyosema sisi wa Dar: tunapanda boti hadi Unguja, tunachukua gari hadi kusini mashariki mwa kisiwa, tunajilaza mchangani, tunapiga picha na kuandika chini yake "amani".

Asubuhi ya pili nilimwambia kijana wa mapokezi kwamba harufu ya mwani ulioanikwa mbele ya hoteli inanikera. Sikukusudia ubaya. Jioni mwani haukuwapo. Kesho yake nilimkuta bibi mmoja akiuanika mbali, nyuma ya ukuta.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Nikamuuliza mbona amehama. "Wageni hawataki harufu," akasema, bila hasira. Hakujua kwamba mgeni mwenyewe ni mimi. Sikumwambia.

Tangu siku hiyo maneno "kijiji kitulivu" yananichoma. Kitulivu kwa nani? Kilimo cha mwani cha biashara Zanzibar kilianzia pwani hii, Paje na Jambiani, mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Bamvua likija, maji yakipwa, wanaingia baharini na kuinama saa nyingi wakifunga miche kwenye kamba. Mwani ukikauka husafirishwa nje, na humo hutolewa kiungo kinachotia uzito dawa za meno na aiskrimu. Sasa bahari inazidi joto, na kotonii, aina yenye bei nzuri zaidi, imekuwa ikifa. Tayari wanapambana na bahari. Sisi tunawaongezea vita vya nchi kavu.

Najua mtanijibu kuwa utalii unaleta ajira. Ni kweli. Lakini mshahara wa kijana wa mapokezi usilipiwe na bibi yake kwa kukosa pa kuanikia. Wala msiniambie wenye makosa ni Wazungu. Mimi ni mtu wa Temeke, nililipia chumba kwa simu, na nilitaka pwani isiyo na wenyewe.

Basi msinialike tena mahali "pasipoguswa". Pameguswa. Kila safu ya vigingi inayochomoza maji yakipwa ni shamba la mtu. Kwenda nendeni, ila mjue kwamba mnapumzika kwenye kazi ya mwenzenu. Na harufu ikikukera, hama wewe.