Mwenye Sufuria na Mpishi

Mtu akikuuzia sufuria, je, ana haki ya kukuchagulia utakachopika? Kila mwenye akili atasema hana. Lakini wenye mashine za michezo ya televisheni waliidai haki hiyo, na hata leo wako wanaowatetea!

Huko Marekani, watungaji wanne wa michezo ya Atari walitaka majina yao yajulikane na wapate fungu katika faida. Wakanyimwa. Mwaka 1979 wakatoka, wakaunda Activision, wakitengeneza kaseti za mashine ile ile ya Atari. Atari ikawashitaki mwaka 1980. Wakaja kupatana 1982.

Twaambiwa kwamba makampuni madogo ndiyo yaliyojaza takataka hata soko likaanguka mwaka 1983. Takataka zilikuwako, hatukatai. Lakini kaseti za Pac-Man na E.T. za mwaka 1982, zilizorundikana zisinunuliwe, nani alizitoa? Si Atari yenyewe?

Hata hivyo adhabu wakatwikwa wadogo. Nintendo ilipoingia Marekani mwaka 1985 ilitia kufuli ndani ya mashine: asiye na ruhusa kaseti yake haichezi, na mwenye ruhusa asizidishe michezo mitano kwa mwaka. Huko ndiko kumlinda mnunuzi?

Wawili wa wale wanne, Alan Miller na Bob Whitehead, walianzisha Accolade mwaka 1984. Sega nayo ikaishitaki kampuni hiyo kwa kuichungua mashine yake. Mwaka 1992 mahakama ya rufani ikaamua kwamba kuchungua ili kaseti ipate kucheza ni halali. Na baada ya ushindi huo wote, mwaka 1993 Accolade ikapatana na Sega, ikachukua leseni yake.