Waliobaki Nyumbani Waandikwe

Mtoto akigundulika kuwa na saratani ya damu, matibabu yake yanaweza kuchukua miaka miwili hadi mitatu. Kwa familia ya Kigoma au Mtwara iliyopewa rufaa ya hospitali ya Muhimbili, mama hufunga mizigo akapanda basi na mgonjwa, na watoto wengine wakagawanywa: mmoja kwa bibi, mwingine kwa shangazi, mkubwa abaki na baba kupika na kuchota maji. Aghalabu hawaelezwi kinachoendelea. Mgonjwa akirudi mzima, mtaa mzima hushangilia.

Majina ya ndugu zake hayakuwahi kuandikwa kwenye faili. Hiyo ni kasoro ya kikazi, na isiendelee kuitwa bahati mbaya.

Hatuombi huruma. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani za watoto walichapisha viwango 15 vya huduma ya kisaikolojia na kijamii, na kimojawapo kinataka ndugu wa mgonjwa wapewe msaada unaowafaa. Kabla ya hapo, utafiti mkubwa wa Marekani kuhusu waliopona saratani utotoni, ulioanza 1994, uliwaandikisha maelfu ya ndugu ili wawe kipimo cha kulinganishia: ndugu ndiye mzima. Wengi wao kweli hukua salama, na si haki kuwabandika ugonjwa wasio nao. Ila wapo wanaoingia utu uzimani wakiogopa kila homa, wakijilaumu kwamba wao hawakuugua, wamezoea kunyamaza ili mama asiongezewe mzigo. Mtoto wa namna hiyo husifiwa kuwa ana adabu. Alama zake zikishuka, huchapwa.

Kwa saratani ya jicho, uzembe huu wa kutowaandika ndugu unaweza kupofusha, hata kuua. Takriban wagonjwa wanne kati ya kumi wana aina inayoweza kurithiwa, na ndugu zao wadogo wanapaswa kupimwa macho mapema, tena mara kwa mara. Atapimwaje mtoto ambaye hospitali haijui kama yupo?

Shirika la Afya Duniani, katika mpango uliozinduliwa 2018, linataka angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani wapone ifikapo 2030. Tunaliunga mkono. Lengo hilo likitimia, nyumba zenye mtoto aliyepona na ndugu zake zitakuwa nyingi kuliko leo, na wa kuwaangalia lazima aandaliwe sasa.

Ofisa ustawi wa jamii wa Muhimbili, Bugando au KCMC aulize siku ya kwanza: nyumbani wamebaki wangapi, wana umri gani, wanalala kwa nani, wameambiwa nini? Majibu yaandikwe. Mzazi akiridhia, mwalimu mkuu apelekewe barua. Maswali hayo yarudiwe kila kliniki ya ufuatiliaji, hata miaka mingi baada ya dawa kwisha. Kazi hii haidai jengo wala mashine. Wizara ya Afya itoe mwongozo, na hospitali zisiusubiri ndipo zianze.