Je, Waweza Kula Nyanya Zako Mbichi?

Ndugu mkulima, nataka kukuuliza jambo moja, nawe unijibu moyoni mwako. Zile nyanya ulizompakilia dalali juzi, je, ungeweza kutoa tatu katika kreti, kuzikatakata, na kuwapa watoto wako kachumbari mchana ule ule?

Nauliza kwa sababu imekuwako desturi katika skimu, nami naisikia ikitajwa hapa dirishani ofisini bila kificho. Mtu hulima nyanya za soko upande huu, na karibu na jiko hupanda mistari miwili ya nyumbani isiyoguswa na dawa. Ukimwuliza sababu, hucheka. Mimi naona si jambo la kuchekwa. Ikiwa nyanya hiyo haimfai mtoto wako, yamfaaje mtoto wa Nakuru? Yeye hana mistari yake karibu na jiko.

Najua taabu zenu. Tangu yule nondo aitwaye Tuta alipoingia Kenya mwaka wa 2014, mwenye nyanya hana raha. Na mvua ikija na baridi, majani huungua shamba zima kwa siku chache. Sisemi msipige dawa. Nasema zihesabuni siku. Kila chupa ya dawa imeandikwa siku za kungoja kati ya kupiga na kuchuma, lakini maandishi ni madogo, na wengi huyapita. Mwambie mtoto aliye shuleni akusomee kwa sauti, kisha andika tarehe mlangoni mwa ghala. Tena nyanya haichumwi mara moja ikaisha. Basi piga dawa mara tu baada ya kuchuma, si siku ya kuamkia lori. Na matunda yanapoanza kuiva, chagua dawa yenye siku za kungoja chache kuliko siku zilizo kati ya mchumo na mchumo. Hapo hutashindana na dalali, maana siku zitakuwa zimekwisha kabla hajapiga honi.

Wengine husema, “Tutaziosha.” Kuosha ni kuzuri, huondoa vumbi na sehemu ya dawa iliyo juu ya ganda. Lakini ziko dawa ziingiazo ndani ya mmea wenyewe, na hizo maji hayazifikii.

Haya, tuseme umehesabu siku zako sawasawa. Basi usiuze zote! Jambo la pili linalonisikitisha ni hili, kwamba nyumba yenye ekari ya nyanya hula ugali na maharagwe makavu mwezi mzima, kwa kuwa kila tunda jekundu limekwenda sokoni. Mwili hupata madini ya chuma katika maharagwe kwa shida, ila ukila pamoja nayo kitu chenye vitamini C, hupata zaidi. Nyanya mbichi inayo, na ndimu inayo, na moto wa jiko huipunguza. Ndiyo maana kachumbari si pambo la siku ya nyama choma tu.

Nyanya yenyewe asili yake ni Amerika, na watu wa Meksiko huila hivyo hivyo mbichi kwa kitunguu, pilipili, dania na ndimu, wakaiita salsa. Sisi jina letu tumelipata kwa Wahindi. Chagua nyanya zilizoiva lakini ngumu. Cal J na Rio Grande zafaa sana, zina nyama nyingi na maji machache. Zile ndogo ambazo dalali huzikataa ni tamu vile vile. Kata kitunguu chembamba kabisa, kisugue kwa chumvi, kisha ukioshe, ukali wake utapungua. Kisu kiwe kikali, maana kisu butu huponda nyanya ikawa uji. Changanya nyanya nne na kitunguu kimoja, dania kiganja kimoja, pilipili kwa kadiri ya walaji, na maji ya ndimu. Chumvi iwe ya mwisho, karibu na kula, kwa sababu huvuta maji. Parachichi likiwapo, usilinyime nafasi.

Ninyi mlio kando ya mifereji, nawasihi msioshe nyanya za kuliwa mbichi kwa maji ya mfereji. Kipindupindu kilichoanza tena nchini Oktoba 2022 kilitukumbusha jambo hilo. Tumieni maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa ya maji, na mikono ioshwe kwa sabuni. Kukiwa na habari za kipindupindu karibu nanyi, acheni kachumbari kabisa, mpike nyanya zenu hadi hatari ipite. Na siku zote tengenezeni ya kutosha mlo mmoja. Itakayobaki usiku itupwe katika shimo la mbolea.