Je, Kukata Rufani ni Utovu wa Shukrani?

Jumapili moja baada ya Misa tulisimama nje ya kanisa hapa Rangwi pamoja na wazee wachache na jirani yetu mmoja, ambaye alikatwa mguu wa kulia juu ya goti. Jirani huyu alikuwa akipata fungu la msaada kwa ajili ya ulemavu wake. Halikuwa kubwa, lilitosha chumvi, sabuni, daftari za watoto wawili, na nauli ya kwenda hospitali ikibidi. Kisha wapimaji wakaja mara ya pili, wakauliza maswali yao, wakaandika, wakaenda zao. Na baada ya majuma kadhaa akaambiwa kwa mdomo kwamba jina lake halimo tena. Hatutaji lilikuwa fungu gani, wala ofisi ipi, kwa maana hatukushika kalamu ili kumshitaki mtu gazetini. Tumeishika kwa sababu ya neno alilolisema mzee mmoja siku ile.

Mzee alimwambia, "Mwanangu, ulipopewa ulishukuru, sasa umeondolewa, shukuru vilevile. Anayetoa ndiye ajuaye. Ukienda kubishana, watasema watu wa Rangwi hawana shukrani, na kesho hata wengine hawatapewa." Waliokuwapo wote wakaitikia. Jirani yetu akainama, akatazama ncha ya gongo lake. Nasi, twaungama, hatukusema neno. Twaheshimu mvi za yule mzee, na hakusema kwa ubaya. Lakini shauri lake lilikuwa shauri baya, tena limezidi ubaya kwa kuwa lilivikwa nguo ya dini, nalo lasemwa katika vijiji vyote vya milima hii, toka Mlalo hata Mtae.

Kwanza, yatupasa kuuliza kama fungu hili ni zawadi. Zawadi ni mali ya mtoaji. Akitaka hutoa, asipotaka huzuia, na mpokeaji hana la kusema. Je, ndivyo ilivyo? Katiba ya nchi yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 11, yaiagiza mamlaka ya nchi kuweka utaratibu wa kumsaidia mtu wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Hapo hapakuandikwa habari ya zawadi. Fedha zenyewe nazo zatoka wapi? Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015 kwa sheria ya mwaka 2008, hujazwa na michango ya waajiri, kwa ajili ya watu walioumia wakiwafanyia kazi hao hao waajiri. TASAF, iliyoanzishwa mwaka 2000, imeendeshwa kwa fedha za serikali na za wafadhili, na sehemu kubwa ni mikopo ya Benki ya Dunia. Na mkopo hulipwa na nani, kama si sisi tununuao sukari dukani, na watoto wetu baada yetu? Basi, mtu aliyekatwa mguu akiulizia fungu lake, hafanani na mwombaji aliyeketi mlangoni pa tajiri. Afanana na mwanachama wa ushirika anayeuliza kwa nini kahawa yake haikuandikwa daftarini.

Mtu aliyesoma aweza kutupinga hapa, akasema kwamba ibara ya 7 ya Katiba hiyo hiyo yakataza mahakama kusikiliza kesi juu ya ibara ile ya 11. Ni kweli, wala hatutaificha. Lakini na asome mbele kidogo, afike ibara ya 13. Huko imeandikwa kwamba haki za mtu zinapoamuliwa na mahakama au na chombo kingine chochote, mtu huyo ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na haki ya kukata rufani au kupata nafuu nyingine ya sheria. Ibara hiyo haikufungiwa mlango. Kwa hiyo anayekata rufani hafanyi ufidhuli juu ya serikali. Atumia njia ambayo serikali yenyewe imeichimba. Anayemzuia ndiye aifukiaye.

Sasa tuje kwenye upimaji wenyewe, maana hapa ndipo penye kiini cha jambo, na wengi hawapajui.

Tulimwomba jirani yetu atueleze aliulizwa nini, na alijibu nini. Aliulizwa, "Waweza kusimama?" Akajibu, "Ndiyo." Aliulizwa, "Waweza kufika kwenye maji?" Akajibu, "Ndiyo." Aliulizwa, "Waweza kwenda sokoni?" Akajibu, "Naenda." Aliulizwa kama analima, akajibu kwamba shamba lake limelimwa. Majibu haya manne yote ni ya kweli, na yote manne yalimdanganya mpimaji.

Kusimama asimama, lakini kwa magongo mawili, na mtu mwenye magongo mawili hana mkono wa kushika jembe. Kwenye maji afika; njia ile ni ya mteremko mkali kama zilivyo njia zetu zote, naye huishuka kwa kukaa chini na kujisukuma, na ndoo huipandisha binti yake wa darasa la tatu, ambaye siku hizo huchelewa shuleni. (Sisi ndio tunaoandika jina lake katika daftari la waliochelewa, twaandika haya kwa aibu.) Sokoni Lukozi huenda kwa pikipiki, na nauli ya kwenda na kurudi hula faida ya kabichi alizokwenda kuuza. Shamba limelimwa, naam, na shemeji yake. Tena wapimaji walikuja mwezi wa Januari, njia ikiwa kavu. Wangalikuja mwezi wa Aprili, wakati wa masika, ukungu umetanda na udongo ukiteleza kama sabuni, wangalimkuta amekaa ndani siku ya tano.

Je, alisema uongo? Hasha. Mwanamume aliyeketi mbele ya mke na watoto wake, akiulizwa na kijana mgeni mwenye karatasi kama aweza hili na lile, hapendi kusema "Siwezi." Tumelelewa hivyo. Mgeni akiuliza hali, twasema njema, hata kama usiku kucha hatukulala kwa maumivu. Adabu hii ni nzuri barazani. Mbele ya mpimaji yamnyang'anya mtu haki yake. Wapimaji nao wauliza "Waweza?" wasiulize "Kwa muda gani? Kwa msaada wa nani? Kwa gharama gani? Na kesho yake waamkaje?" Swali lililo fupi namna hiyo huvuna jibu fupi, na kwa jibu fupi jina hufutwa.

Watu wa Uingereza wameyaona haya kabla yetu, ijapokuwa nchi yao ni tajiri. Mwaka 2013 walianza malipo mapya kwa watu wenye ulemavu, na waliokuwa wakilipwa kwa utaratibu wa zamani wakaitwa wapimwe upya. Wengi walipunguziwa, wengine wakafutiwa kabisa. Lakini kwa miaka mingi, katika mashauri yaliyofika na kusikilizwa mbele ya baraza la rufani, zaidi ya nusu waliokata rufani walishinda. Fikirini hesabu hiyo. Mwalimu ambaye zaidi ya nusu ya masahihisho yake yanayokaguliwa yaonekana yamekosewa, hataachwa asahihishe mitihani. Na wapo wengi waliokata tamaa njiani, wasifike mbele ya baraza hilo. Hao hakuna ajuaye ni wangapi wangalishinda.

Kwetu pia tofauti ndogo katika kipimo huzaa tofauti kubwa nyumbani. Katika sheria ya fidia kwa wafanyakazi, ulemavu wa kudumu hupimwa kwa sehemu za mia. Ukizidi 30 katika 100, mtu hulipwa pensheni ya kila mwezi. Ukiwa 30 au chini yake, hulipwa mara moja, shauri likaisha. Kwa hiyo kalamu ya daktari ikiandika 29 badala ya 32, mtu aliyeumia kiwandani amepoteza pensheni ya maisha yake. Na sheria ile ile, ikijua kwamba kalamu ni ya mwanadamu, imeweka njia ya kuupinga uamuzi, hata kufika mahakamani. Waliotunga sheria hawakuona kwamba kupinga ni utovu wa shukrani. Mbona sisi twaona?

Tena kuna neno moja linalotuchoma sisi walimu. Katika mpango wa TASAF, kaya iliyopimwa upya ikaonekana imeinuka, husemwa kwamba "imehitimu." Kaya iliyopata mbuzi wawili wakawa kumi, ikajenga, ikasomesha, yaweza kweli kuhitimu, na tuifurahie. Lakini kuhitimu ni neno la shule. Mtoto huhitimu kwa kuwa amejua kusoma, na akiisha kujua hasahau. Mguu uliokatwa hauhitimu. Jicho lililopofuka halipewi cheti. Kaya hupimwa kwa mkutano wa kijiji na kwa maswali juu ya watu wake, nyumba, vyombo na mifugo. Lakini nyumba mbili zenye bati moja na mbuzi sawa si sawa, ikiwa katika mojawapo yumo mtu ambaye kila safari yake hulipiwa, na ambaye mtu mzima mmoja huacha kazi ili amtunze.

Tusije tukaeleweka vibaya. Hatupingi watu kupimwa upya. Twajua, na ninyi mwajua, kwamba katika orodha nyingi yamewahi kuonekana majina ya watu waliokwisha kufa, na ya waliohama, na hata ya jamaa za wakubwa wa kijiji wenye maduka. Uhakiki ulioyaondoa majina hayo ulikuwa wa haki. Twasema tu kwamba ufagio unaofagia takataka waweza kufagia na shilingi iliyoanguka, na mwenye shilingi akiinama kuitafuta asiambiwe kwamba anachukia usafi.

Na kwa kuwa mzee wetu aliitaja dini, turudi kwenye dini. Mabinti watano wa Selofehadi walinyimwa urithi wa baba yao. Walikwenda wakasimama mbele ya Musa na mbele ya mkutano wote, wakadai. Soma Hesabu, sura ya 27, uone Mungu alimjibu Musa nini juu yao. Mtume Paulo alipoona kwamba hatapata haki Yerusalemu, alikata rufani kwa Kaisari, wala hakuna mhubiri aliyepata kumwita Paulo mtu asiye na shukrani. Na yule mjane wa Luka 18, aliyemwendea kadhi dhalimu tena na tena mpaka kadhi akachoka, Bwana wetu alimweka awe mfano kwetu wa kutochoka katika kuomba. Uvumilivu ambao Kanisa lafundisha ni kuyachukua yasiyoondoleka. Kosa la karatasi laondoleka kwa karatasi.

Wala si desturi ya kigeni kwetu. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilipowalazimisha watu wa Usambara kulima kwa matuta, babu zetu hawakusema kwamba mkubwa ndiye ajuaye. Walikataa, wakasema sababu zao, na kabla ya miaka ile kwisha amri ile ikaachwa. Wajukuu wao wamejifunza wapi kuinama namna hii?

Juu ya hofu kwamba "hata wengine hawatapewa," twajibu kwa ufupi. Ofisi isiyopata hata rufani moja kutoka kijijini hudhani kwamba imepima sawasawa, na mwaka ujao itapima vivyo hivyo.

Basi, juma lile lile jioni tulimwendea jirani yetu nyumbani. Tulimweleza kwamba kwanza aombe uamuzi kwa maandishi, pamoja na sababu yake, na aulize mwisho wa kukata rufani ni siku gani, maana siku zikipita haki hulala. Tulimwambia akatafute barua ya daktari isiyosema tu "amekatwa mguu," bali ieleze asiyoweza kuyafanya. Tulimtajia Afisa Ustawi wa Jamii wa wilaya, na kamati ya watu wenye ulemavu, ambayo hutokana na sheria ya mwaka 2010 na yapasa kuwako hata kijijini; na wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017, ambao hawatozi ada; na mwisho, ikiwa milango yote imefungwa, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo hupokea malalamiko ya raia juu ya ofisi za umma.

Alisikiliza yote, kisha akasema, "Mwalimu, nitaandika nini? Niliwaambia mwenyewe kwamba naweza."

Tukamwambia aandike siku moja tu ya mwezi wa Aprili, toka kuamka hata kulala, asiongeze wala asipunguze. Alinyamaza kitambo, akamtuma binti yake nje akafunge mbuzi, ndipo akaanza kusema. Tuliandika mpaka taa ikapungua. Mke wake alimsahihisha mahali pawili, kwa kuwa hata hapo alikuwa akificha. Karatasi zilikuwa nne. Tulizinakili mara mbili, akatia sahihi zote, na Jumatatu zilishuka Lushoto kwa basi la asubuhi, mikononi mwa shemeji yake, ambaye aliagizwa asirudi bila mhuri wa kupokelewa juu ya nakala.

Alirudi nao. Jibu halijaja bado. Yule mzee ametuuliza habari zake mara mbili, na mara ya pili alikuwa na karatasi ya mjukuu wake mfukoni.