Kanjo, Hizi Taka Ni Zako

Neno kanjo tulilirithi kutoka enzi za baraza la jiji. Baraza lenyewe lilikufa mwaka 2013 tulipoingia kwa serikali za kaunti, lakini jina limekataa kuzikwa. Mwambie mama mboga wa Gikomba kwamba siku hizi hakuna kanjo uone vile atakucheka. Kwake, kanjo ni yule jamaa anayeruka kutoka kwenye gari kabla halijasimama, anabeba nyanya na kuitisha kitu kidogo. Kaunti tunaijua kwa mkono wake wa kukamata. Mimi leo nauliza kuhusu mkono wake wa kusafisha.

Nianze na sheria, maana hapo ndipo viongozi wetu hupenda tusahau. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limetaja kazi za kaunti moja baada ya nyingine. Kuzoa taka, kusimamia majaa na kutupa taka ngumu ziko pale, wazi kabisa. Kudhibiti uchafuzi wa hewa pia iko. Kifungu cha 42 nacho kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Kila mtu. Hakuna mahali kimeandika "isipokuwa wakazi wa Eastlands".

Sasa twende Dandora. Dampo lilifunguliwa 1975 kwenye machimbo ya zamani ya mawe, karibu ekari 30, kando ya Mto Nairobi. Kufikia 2001 lilikuwa limetangazwa kujaa. Ukizaliwa mwaka huo, leo una kitambulisho, umeshapiga kura, na lori bado zinapanda ule mlima kumwaga. Mwaka 2007 UNEP, ambao makao yao makuu yako Gigiri hapa hapa jijini, walitoa ripoti kuhusu afya ya watoto wanaoishi karibu na dampo. Watoto 328 walipimwa. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubalika kimataifa wakati huo. Madini haya huharibu ubongo unaokua. Mtoto anashindwa kushika masomo, mwalimu anamwita mjinga, mzazi anamchapa, na hakuna anayeuliza alikuwa anapumua nini.

Julai 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru dampo lifungwe ndani ya miezi sita. Hesabu mwenyewe. Miezi sita iliisha Januari 2022. NMS ikaja ikaenda, gavana akaenda akaja mwingine, moshi uko pale pale. Mimi nikipuuza amri ya korti, hata ya kesi ndogo ya kupiga kelele usiku, nitatafutwa. Kaunti ikipuuza, inaitisha kongamano hotelini.

Najua majibu yao. La kwanza ni kwamba sisi wananchi ndio wachafu, tubadilishe tabia. Sawa, kuna mtu hutupa ganda la ndizi nje ya dirisha la matatu, na huyo simtetei. Lakini Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inatutaka tutenganishe taka nyumbani, na hiyo hiyo inazitaka kaunti zijenge vituo vya kuchambua na kuokoa vinavyoweza kutumika tena. Nikiweka maganda ya viazi mfuko huu na chupa mfuko ule, halafu vyote viishie kwenye lori moja na jaa moja, tabia yangu nzuri imemsaidia nani? Ile marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 ilituonyesha kitu. Tulilalamika wiki mbili, tukazoea. Watu hubadilika wakati mfumo unabadilika nao.

Jibu la pili ni kwamba hakuna pa kulipeleka dampo. Ruai ilipotajwa, wenye mambo ya usafiri wa anga walipinga, kwa sababu ndege wanaofuata taka wangehatarisha ndege zinazotua na kupaa. Hoja nzuri. Abiria walindwe. Lakini abiria alikuwa na mtu wa kumsemea, na mtoto wa Dandora yuko chini ya korongo hao hao kila siku. Tena sitaki mzigo uhamishwe tu kwa maskini wa Ruai. Taka nyingi za jiji hili ni mabaki ya chakula na mboga ambayo yangekuwa mbolea au gesi ya kupikia. Ukizitoa hizo njiani, shimo unalohitaji linakuwa dogo sana.

Jibu la tatu ndilo hatari, kwa sababu lina ukweli ndani: dampo linalisha maelfu ya watu. Ni kweli. Wachambuaji wa taka ndio wanaofanya kazi ya kuokoa chuma, plastiki na karatasi ambayo kaunti ilipaswa kuipanga, na wanaifanya bila glavu. Basi waandike kazi. Wape buti, bima, mizani isiyodanganya na nafasi ya kwanza kwenye hivyo vituo vipya. Kumwambia mtu achague kati ya mapafu yake na chakula cha jioni si huruma.

Na msiniambie kaunti haina lori. Februari 2025 lori zilipatikana, zikajazwa, zikapelekwa hadi Stima Plaza, zikamwaga taka mlangoni pa Kenya Power kwa sababu ya mvutano wa madeni. Nchi nzima ilishtuka. Wafanyakazi wa ofisi walipitia uvundo wakiwa wameziba pua, na taka zikaondolewa chapchap. Hapo kaunti ilikiri yenyewe kwamba kumwagia mtu taka mlangoni ni adhabu. Sasa Dandora ilikosa deni gani?

Wakati huo, vijana wa mtaa hawakungoja. Dandora Transformation League waligeuza viwanja vilivyojaa uchafu kati ya nyumba vikawa mahali pa watoto kucheza. Korogocho, Komb Green walisafisha ukingo wa mto wakatengeneza bustani. Naheshimu hao wasee kabisa. Lakini gavana akija kupiga picha nao, akumbuke wanafanya kazi yake, na mshahara anachukua yeye.

Kwa hivyo hili ndilo ombi langu kwako unayesoma hii ukiwa kwa mathree. Mkutano wa bajeti wa wodi ukitangazwa, nenda, hata kama ni saa za kazi na hawajaweka viti. Uliza pesa za taka zimeenda wapi. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari hizo. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini kuhusu mazingira bila kuthibitisha kwamba wewe binafsi umeumia. Mjue MCA wako kwa jina, na yeye akujue kwa maswali.

Kanjo anajua njia ya kufika kwa mama mboga saa kumi na mbili asubuhi. Dandora haiko mbali na hapo.