Hesabu ya Machafuko

Aghalabu watu wakitaka kueleza kwa nini chuma hushika kutu na nyumba isiyokaliwa huporomoka, husema kwamba ulimwengu una kanuni ya machafuko, kana kwamba vitu vyote vimeandikiwa tangu azali vioze. Fikra hiyo, kwa rai yangu, inamdhulumu mwanafunzi wa fizikia, maana humwachia hofu pale alipostahili kupewa hesabu.

Kipimo cha hayo yaitwayo machafuko kilipewa jina la entropia mwaka 1865 na mwanazuoni wa Kijerumani, Rudolf Clausius, aliyekuwa akiendeleza uchunguzi wa joto na mashine za mvuke ulioanzishwa na Mfaransa Sadi Carnot mwaka 1824. Clausius alitambua kwamba joto halihami lenyewe kutoka kitu cha baridi kwenda cha moto; lakini sababu yake ilidhihirika mwaka 1877, Ludwig Boltzmann wa Austria alipoonyesha kwamba entropia huhesabu njia ambazo chembe za kitu zaweza kujipanga pasipo sisi, tutazamao kwa nje, kuona tofauti yoyote.

Mwenye shaka na arushe sarafu nne. Ili zote zilale picha juu ipo njia moja tu. Ili mbili zilale hivi na mbili vile, zipo njia sita. Zikiwa sarafu 100, njia ya kupata picha tupu ingali moja, ilhali njia za kupata nusu kwa nusu huzidi idadi iandikwayo kwa moja ikifuatwa na sifuri 29. Basi fikiria tone la maji, ambalo molekuli zake hazihesabiki kwa umri wa mtu: hakuna amri izisukumayo kwenye ghasia, zinahangaika tu huku na huku, na penye njia nyingi ndipo zinapokutwa. Laiti kila mwalimu angeanza na sarafu hizo kabla ya kuandika kanuni ubaoni!

Wala jicho si shahidi wa kutegemewa katika jambo hili. Mafuta na maji vikitikiswa ndani ya chupa kisha vikaachwa, hujitenga safu mbili safi, nasi tukadhani mpangilio umezidi. Kumbe molekuli za maji, zilizobanwa kandokando ya matone ya mafuta, zimepata uhuru zaidi, na entropia imepanda.

Mpangilio wa kweli nao una gharama. Kila gramu ya maji igandapo hutoa takriban joule 334 za joto, na entropia yake hupungua. Lakini peleka kiganja nyuma ya friji, utahisi joto linalomwagwa chumbani, ambalo huongeza entropia kupita ile iliyopunguzwa katika barafu. Mwili wa mwanadamu hali kadhalika hujijenga kwa chakula huku ukitoa joto usiku na mchana. Na chakula hicho asili yake ni jua, ambalo uso wake una joto la kelvini zipatazo 5,800: dunia hurudisha angani karibu nishati yote iliyopokea, ila kwa kila chembe moja ya nuru iliyoingia hutoka takriban 20 za mnururisho hafifu wa joto, na ni kwa tofauti hiyo mpunga huota na sisi tukaishi.